Tunaipimaje halmashauri kwa huduma zake kwa watoto na vijana?

#1 Mwana wa Ruvu

Habari za jioni, wadau.

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha baraza la madiwani nikiwa mkazi wa kawaida kwenye benchi la nyuma, na nikasikia halmashauri yetu ikipongezwa kwa kupata hati inayoridhisha kutoka kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Nilipiga makofi pamoja na wenzangu, kwa sababu hesabu za fedha ya umma zikikaa sawa ni jambo la kushukuru. Nilipotoka nje nilimkuta bibi mmoja wa kijiji cha jirani, amekaa kwenye ngazi tangu saa mbili asubuhi, akimsubiri Afisa Ustawi wa Jamii kwa ajili ya matunzo ya wajukuu wawili ambao baba yao aliwaacha akaenda kusikojulikana. Aliambiwa kwamba Afisa yuko safarini, na hakukuwa na mwingine wa kumsikiliza. Saa nane bibi akarudi kijijini kwa miguu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kukuza ustawi wa mtoto katika eneo lake, na inaitaka itunze rejista ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi na kuwasaidia kila inapowezekana. Huo ni wajibu wa kisheria, sawa na ule wa kukusanya ushuru. Kuhusu ushuru, kila robo mwaka tunasomewa asilimia ya makusanyo, kata kwa kata. Kuhusu mtoto tunasomewa idadi ya madarasa yaliyoezekwa na idadi ya semina zilizofanyika.

Dai langu ni kwamba tunapima kilichojengwa na kilichotumika, lakini hatumpimi mtoto aliyekuja kuomba msaada: alisikilizwa baada ya siku ngapi, alipewa nini, na miezi sita baadaye yuko wapi. Naomba mawazo yenu, hasa ya waliofanya kazi ndani ya halmashauri.

#2 Karani Mstaafu

Mleta mada, swali lako ni la maana, ila umeibebesha hati ya CAG mzigo usio wake. Hati ni maoni ya mkaguzi kuhusu hesabu, kama zimeandaliwa kwa viwango na kama zinaonyesha hali halisi ya fedha. Haijawahi kudai kwamba inapima huduma. Kwa huduma upo ukaguzi wa ufanisi, nao unafanywa na ofisi hiyohiyo, lakini huchagua mada chache kila mwaka na hauwezi kuzipitia halmashauri zote 184 kwa mada moja.

Nimetumikia halmashauri mbili upande wa fedha kwa miaka 27. Kasma, yaani fungu la bajeti, ya ustawi wa jamii nimeiona ikipangiwa fedha nzuri tunapoandaa bajeti, kisha ifikapo Novemba nikaiona haijapokea hata robo ya iliyopangiwa. Mapato ya ndani yakipungua, kinachokatwa kwanza ni kile kisicho na mtu wa kukigombania kikaoni. Mkandarasi atakuja kudai na mtumishi atakuja kudai posho yake ya uhamisho, lakini mtoto wa miaka saba haji kudai. Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni fedha, na kipimo cha kwanza kiwe hiki: kati ya fedha iliyopangwa kwa watoto, ni kiasi gani kilitoka kweli, na kilitoka mwezi gani?

#3 Mwalimu wa Zamu

Mzee Karani ameeleza vizuri habari ya fedha, lakini niliyoyaona mimi yananifanya nifikiri kwamba hata fedha ikitoka, umbali na uchache wa watu vitabaki palepale.

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu alikuja shuleni siku ya Jumatatu akiwa hawezi kukaa kwenye dawati. Mimi na mwalimu wa malezi tulimpeleka kwa mtendaji wa kata, naye akampigia simu Afisa Ustawi aliyeko makao makuu ya wilaya, zaidi ya kilomita 60 kutoka kwetu. Afisa alitujibu kwa upole kwamba gari liko matengenezoni na kwamba tuanzie polisi ili tupate PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa hospitali. Kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto nacho kiko hukohuko wilayani. Nilitoa nauli mfukoni mwangu. Kesho yake, kabla hatujaondoka, wazee wa pande mbili walikuwa wamekwisha kukaa, wamekubaliana mbuzi wawili, na mama wa mtoto hakutaka tena kusikia habari ya polisi.

Katika taarifa ya robo ile, shauri hilo liliandikwa kuwa limepokelewa na kupewa rufaa. Kwa kipimo cha taarifa, huduma ilitolewa. Kwa mtoto yule, ninayekutana naye njiani hadi leo, hakuna kilichotolewa.

Tanzania Bara ina kata zaidi ya 3,900. Kila mmoja wetu ajiulize kama kata yake ina Afisa Ustawi anayeishi hapohapo, au kama kazi hiyo amebebeshwa Afisa Maendeleo ya Jamii juu ya kazi zake nyingine. Jibu la swali hilo ni kipimo tosha kabla hatujafika kwenye asilimia.

#4 Binti wa Nyasa

Pole sana, mwalimu, na asante kwa kutoliacha jambo lile lipite kimya.

Niongeze upande wa lishe, ambako nimefanya kazi, kwa sababu huko kipimo kipo na kina meno kiasi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 wakuu wa mikoa wamekuwa wakisaini mikataba ya usimamizi wa lishe, na mwaka 2022 ilisainiwa upya mbele ya Rais. Moja ya masharti ni halmashauri kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Halmashauri yenye watoto 40,000 wa umri huo inatakiwa itoe shilingi milioni 40 kwa mwaka. Matokeo yake yanawekwa kwenye kadi ya alama yenye rangi ya kijani, njano na nyekundu, na hakuna mkurugenzi anayependa kusimama mbele ya mkuu wa mkoa akiwa na nyekundu. Nimeshuhudia fedha iliyokuwa imekwama miezi saba ikitoka ndani ya wiki mbili kabla ya tathmini.

Hata hivyo, naomba tusikimbilie kusema kwamba kipimo kinatosha. Udumavu kitaifa ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa 2015-16 hadi asilimia 30 mwaka 2022, lakini katika utafiti huo wa 2022 Iringa ilikuwa na asilimia takriban 57, Njombe 50 na Rukwa 50. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na baadhi ya halmashauri zake nilizopita zilikuwa na kadi yenye kijani kingi. Shilingi 1,000 kutoka ni jambo moja, na mama kupata nafasi ya kumlisha mtoto mara nne kwa siku, wakati anatoka shambani jioni, ni jambo lingine. Kadi inapima la kwanza, na mtoto hudumaa kwa sababu ya la pili.

#5 Unguja Kwetu

Naomba kusahihisha jambo moja kwenye #1 ili wasomaji wa huku wasipotee. Sheria ya Mtoto ya 2009 ni ya Tanzania Bara. Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, na mpangilio wetu ni tofauti, kwa kuwa mlango wa kwanza kwa mwananchi ni sheha wa shehia yake, yaani kiongozi wa eneo dogo kabisa la utawala.

Tangu mwaka 2011 tuna pia kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na baadaye vikafunguliwa vingine, ambapo daktari, polisi na mtu wa ustawi wanapatikana mahali pamoja. Mkasa wa mwalimu umenigusa kwa sababu kituo cha namna hiyo kilianzishwa ili mtoto asizungushwe ofisi tatu akirudia maneno yale yale ya aibu. Ila nami niseme kwa haki kwamba kituo kuwa pamoja hakukuondoa suluhu za vibarazani. Familia bado hukaa na yakaisha huko.

#6 Mwana wa Ruvu

Nimepokea sahihisho, ndugu yangu wa Unguja, na ninamshukuru pia mzee Karani kwa la hati. Nilichokusudia ni kwamba hati ndiyo alama pekee ambayo mwananchi husikia ikitangazwa kwa sauti, hivyo yeye huichukua kama alama ya kila kitu.

Mpaka sasa nimesikia fedha, watumishi na umbali, nguvu ya kadi ya alama, na desturi ya kumalizana nyumbani. Bado sijasikia upande wa vijana.

#7 Fundi Cherehani

Shikamoo mzee Karani, na salamu kwa wengine wote.

Mimi ni kijana wa mikopo ya asilimia 10. Kwa wasioifahamu, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo wanawake hupata asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2. Kikundi chetu cha ushonaji kilikuwa na watu sita. Tuliandika katiba, tukafungua akaunti, tukasajiliwa, tukasubiri miezi kumi na moja. Tulipokaribia kupewa, mwezi Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima kwa sababu ya dosari zilizoonekana kwenye ukaguzi. Iliporudi mwaka 2024, wenzangu watatu walikuwa wameshaondoka, mmoja kwenda machimboni na wawili kuendesha bodaboda mjini.

Sikatai kwamba mikopo ilikuwa na uvundo uliohitaji kusafishwa. Ninachouliza ni nani aliyepima gharama ya kusubiri. Halmashauri yetu husoma kwa fahari idadi ya vikundi vilivyopata fedha, lakini sijawahi kusikia ikisoma idadi ya vikundi ambavyo bado viko hai baada ya miaka miwili, wala idadi ya vijana waliokata tamaa wakiwa kwenye foleni. Kwangu mimi hivyo viwili ndivyo vipimo vya huduma kwa vijana.

#8 Karani Mstaafu

Marahaba, kijana wangu. Cherehani yako ipo bado, natumaini.

Nikubaliane nawe na nipingane nawe kidogo. Asilimia 10 hukokotolewa kwenye mapato yasiyolindwa, yaani baada ya kuondoa yale ambayo matumizi yake yamefungwa, kama michango ya huduma za afya. Halmashauri ya jijini yenye ushuru wa hoteli na masoko itatoa mabilioni, wakati halmashauri ya wafugaji itatoa milioni chache, na zote mbili zitaandika kwamba zimetimiza asilimia 100 ya agizo. Ukizipanga kwa asilimia zinalingana, lakini kijana wa kule atagawana fedha ya kununulia pikipiki moja. Ndiyo maana nilianza na fedha na bado nipo palepale.

Kuhusu vikundi kufa, nilisaini hundi za vikundi ambavyo havikuwahi kuwepo. Nilivigundua mwaka uliofuata, nikaandika, na niliyemwandikia akahamishwa. Vikundi hewa haviuawi na upungufu wa fedha, hilo nakubali. Hapo tatizo ni watu.

#9 Mama Watatu

Mnaongea kama vile hakuna kilichowahi kufanikiwa, na mimi nina ushahidi wa kinyume.

Mtoto wangu wa kwanza nilimtafutia cheti cha kuzaliwa kwa safari tatu za wilayani na siku nne za kazi nilizopoteza. Wa tatu nilipewa cheti chake hapahapa katani, bila malipo, kimeandikwa kwa mkono, nikatoka kliniki nacho. Utaratibu huo wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kwa watoto walio chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013, ukaenda mkoa kwa mkoa. Kilichofanyika ni kuishusha huduma kwenye zahanati na kwa mtendaji wa kata, na kuwaruhusu hao wasajili na kutoa cheti palepale. Sisi kina mama hatukuelimishwa upya. Tulikuwa tunakitaka cheti tangu zamani, ila kilikuwa mbali. Kwa hiyo mtu anaposema wazazi hawana mwamko, huwa namwomba apime kwanza umbali wa dirisha.

Mtoto wangu wa pili, hata hivyo, ananinyima usingizi. Hasikii vizuri. Aligunduliwa na mwalimu akiwa darasa la pili, si na kliniki niliyompeleka kila mwezi kwa miaka mitano. Niliambiwa nimpeleke kwenye shule yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, na iliyo karibu ilikuwa katika halmashauri nyingine. Halmashauri yangu ikasema hiyo si shule yake, na ile nyingine ikasema huyu si mtoto wake. Tulikaa mwaka mzima katikati ya barua mbili. Je, kuna anayepima halmashauri kwa watoto wanaoangukia kwenye mpaka?

#10 Mghaibuni

Nawasalimu kutoka Leicester, Uingereza. Swali la Mama Watatu limenivuta, kwa sababu nina mtoto mwenye usonji na hapa nimepitia mambo yanayofanana nalo.

Huku England kuna mkaguzi anayeitwa Ofsted, ambaye hukagua huduma za watoto za halmashauri na kuchapisha ripoti ambayo kila mzazi anaweza kuisoma. Kwa watoto wenye mahitaji maalumu, hukagua pamoja na mkaguzi wa afya, nao hawaikagui halmashauri peke yake, bali eneo zima, pamoja na hospitali na shule. Huchagua watoto wachache, wakafuatilia kila mmoja kwa karibu: nani alimwona, lini, nini kilibadilika, na mzazi anasemaje. Nadhani hicho ndicho mleta mada alichokuwa akikitafuta.

Lakini msidhani nawaletea dawa. Sheria ya hapa inaipa halmashauri wiki 20 kukamilisha mpango wa mtoto, na mwaka 2023 ni takriban nusu tu ya mipango mipya iliyokamilika ndani ya muda huo. Sisi tulisubiri wiki 41. Tena lipo jambo la Haringey, London, ambalo wafanyakazi wa ustawi hapa hawalisahau. Mwaka 2007 halmashauri hiyo ilikuwa na alama nzuri kwa huduma zake za watoto, na mwaka huohuo mtoto wa miezi 17 aliyekuwa kwenye orodha yao ya ulinzi, aliyetembelewa na wahudumu mara nyingi, alikufa kwa mateso ya nyumbani. Ukaguzi wa dharura wa mwaka 2008 ukakuta hali tofauti kabisa na ile ya makaratasi. Tangu hapo sijawahi kuamini alama ambayo haitokani na kumwona mtoto mwenyewe.

#11 Mwalimu wa Zamu

Mghaibuni, wiki 41 kwako ni kuchelewa. Mimi ningependa kwanza tuwe na wiki zilizoandikwa popote pale, ili tujue tumechelewa kwa kiasi gani.

Nina swali la dhati, hata hivyo. Mkaguzi wenu analipwa na nani, na halmashauri ikipata alama mbaya hupewa fedha zaidi au hunyang'anywa?

#12 Mghaibuni

Mwalimu, Ofsted ni idara ya serikali kuu isiyo chini ya waziri, hivyo hailipwi na halmashauri. Alama ikiwa mbaya sana, waziri anaweza kumteua kamishna wa kusimamia, au huduma ikatolewa mikononi mwa halmashauri. Birmingham, baada ya miaka mingi ya ripoti mbaya, mwezi Aprili 2018 huduma zake za watoto zilikabidhiwa kwa taasisi maalumu inayomilikiwa na halmashauri lakini yenye uongozi wake. Mwaka 2023 ilipata alama nzuri. Kama ni kwa sababu ya taasisi mpya, fedha iliyoongezwa, au wafanyakazi waliokubali kubaki, wenyewe hapa bado wanabishana.

#13 Kaunti ya Pwani

Hamjambo nyote. Naandika kutoka Kilifi, Kenya, na naomba niongeze tajriba yetu, kwa sababu sisi tuligatua kwa Katiba ya 2010 na bado swali lenu ni swali letu.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Ulinzi wa mtoto kwa jumla umebaki kwa serikali ya kitaifa, na afisa wa watoto si mtumishi wa gavana. Kwa hivyo mtoto wa miaka minne anayepigwa nyumbani yuko chini ya kaunti akiwa darasani, na chini ya Nairobi akifika nyumbani. Mwalimu wa chekechea anayeona alama mgongoni anaripoti kwa ofisi ambayo mwajiri wake haiendeshi. Mpaka anaosema Mama Watatu, sisi tumeuweka katikati ya siku ya mtoto mmoja.

Kuhusu majengo, kaunti zilijenga madarasa mengi ya chekechea baada ya 2013, na mengi ni mazuri. Walimu waliajiriwa wachache, kwa kandarasi na mishahara midogo. Jengo huzinduliwa kwa utepe, ilhali mshahara hauzinduliwi. Mfano mzuri ninaoujua ni wa Nairobi, mpango wa chakula cha shule ulioanza 2023, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 tu kwa mlo na mtoto hutambulika kwa kikuku cha mkononi. Nautaja kwa sababu unahesabika kwa mtoto aliyekula leo, na gavana akitaka kujua idadi ya sahani za jana anaweza kuipata.

#14 Diwani wa Zamani

Nimekuwa msomaji tu, lakini ndugu wa Kilifi amenigusa aliposema habari ya utepe.

Nilikuwa diwani kwa miaka kumi. Nimeomba zahanati, nimeomba madarasa, nimeomba kivuko. Sikumbuki kuomba Afisa Ustawi wa kata, na leo najuta. Ukweli ni kwamba karibu nusu ya watu wa nchi hii wana umri chini ya miaka 18 na hawapigi kura, na mzazi anayepiga kura huniuliza kuhusu barabara na maji. Mtoto aliyenusurika kupigwa kwa sababu mtu alifika mapema haonekani, kwa hiyo hawezi kunifanyia kampeni, wakati darasa naliwekea jiwe la msingi. Kwa hiyo, mzee Karani, fedha zilikuwepo mara nyingine, nasi tulizipeleka kwenye kinachoonekana. Mimi naona chanzo ni siasa kabla ya hazina.

#15 Binti wa Nyasa

Diwani, nakushukuru kwa kusema wazi jambo ambalo wengi hulificha.

Ila mkumbuke kwamba mtoto ana chombo chake. Sera ya Maendeleo ya Mtoto ya 2008 imeweka nafasi ya ushiriki, na mabaraza ya watoto yameundwa kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Kama tunataka kuipima halmashauri kwa macho ya mtoto, kwa nini tusianze na kuwauliza hao?

Tena suala la kunyamaza haliishii kwa wazee na mbuzi wao. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walipitia ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi wao hawakutafuta huduma yoyote. Halmashauri inayopokea mashauri machache inaweza kuwa salama, au inaweza kuwa mahali ambapo hakuna anayeiamini ofisi. Kwa hiyo idadi ya mashauri ikipanda baada ya kufika afisa mpya, mimi huisoma kama habari njema, wakati mkuu wa idara anaweza kuandikiwa barua ya kujieleza.

#16 Fundi Cherehani

Dada Binti, nilikuwa mwenyekiti wa baraza la watoto la kata yetu nikiwa kidato cha pili. Tuliitwa mara moja kwa mwaka, tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Tulipewa fulana na soda, tukasoma risala iliyoandikwa na afisa na kupitishwa na mwalimu, mgeni rasmi akasema ameipokea. Nakumbuka niliongeza kwa mkono sentensi moja kuhusu choo cha wasichana ambacho hakikuwa na mlango. Niliisoma. Watu wazima walitazamana, kisha ngoma ikaendelea. Mlango uliwekwa baada ya wiki tatu.

Kwa hiyo sisemi mabaraza hayafai. Nasema sentensi ile moja ndiyo ilikuwa baraza.

#17 Mama Watatu

Fundi, hapo umeniliza. Na ninyi mnaosoma, kama hamjui, namba 116 ni ya bure kwa mtoto au kwa yeyote anayetaka kuripoti jambo la mtoto. Nimeibandika kwenye mlango wa jikoni.

#18 Mwana wa Ruvu

Wadau, nimerudi. Baada ya kusoma michango yenu niliomba miadi na ofisi ya ustawi ya halmashauri yetu, nikapewa nusu saa. Nilikwenda na maswali matatu: kasma ya watoto imepokea kiasi gani hadi sasa, kata ngapi zina afisa wake, na naweza kuonyeshwa rejista ya kifungu cha 94 bila kuona majina.

Afisa niliyemkuta ni mwanamke mwenye umri wa binti yangu. Kwa kata 21 wako watatu, na mmoja yuko masomoni. Kasma ilikuwa imepokea fedha mara moja tangu Julai. Hakunificha chochote, na nilipomweleza habari ya yule bibi wa ngazini alimkumbuka kwa jina la kijiji chake. Siku ile alikuwa mahakamani na mtoto mwingine, kesi ikaahirishwa, akarudi saa kumi. Hakuna aliyemwambia kwamba bibi alikuwa amekuja. Amemfuata wiki hii kwa pikipiki ya kukodi.

Rejista ipo. Ni daftari kubwa lenye mistari iliyopigwa kwa rula, na mwandiko unaosomeka.

#19 Karani Mstaafu

Hongera kwa kwenda. Umeona, kasma imepokea mara moja. Niambie jambo moja tu: kwenye daftari hilo, baada ya safu ya jina, umri, kijiji na tatizo, ipo safu ya tarehe aliyohudumiwa?

#20 Mwana wa Ruvu

Ipo, mzee. Katika kurasa alizonifunulia, akifunika majina kwa karatasi, safu hiyo ilikuwa imejazwa kwenye mistari minne. Nilimuuliza kama mingine haikuhudumiwa au haikuandikwa. Akasema baadhi aliwahudumia na hakupata muda wa kuandika, na baadhi hajui, kwa sababu waliandikwa kabla hajafika.

Nimemwomba diwani wa kata yangu aiulize safu hiyo kwenye kikao kijacho cha baraza, badala ya kuuliza idadi ya semina. Amekubali, ila ametaka swali aandikiwe. Nitaliandika kesho, na atakayependa kunisaidia maneno yake aniandikie hapahapa.

#21 Mwalimu wa Zamu

Andika hivi: "Kati ya watoto walioandikwa kwenye rejista mwaka jana, wangapi walionwa na afisa ana kwa ana, na ndani ya siku ngapi?" Usiweke neno "asilimia". Wakiruhusiwa kujibu kwa asilimia, watapata njia ya kutoka.